Riwaya za vijana za hapa nyumbani: namna ya kuzifanya zigombaniwe ndani ya muhula mmoja

Maswali ni yaleyale. Mwandishi amechapa riwaya ya vijana, maboksi yako chini ya kitanda, anauliza ataitangazaje. Mwalimu wa Kiswahili anatafuta hadithi ambazo wanafunzi wake hawatazikimbia. Mkutubi anashangaa kwa nini vijana wanajaa maktaba kujisomea madaftari yao huku rafu ya hadithi haiguswi. Nimeyaweka majibu hapa pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze huku.

Kijana hasomi kitabu kwa sababu kimetangazwa. Anasoma kwa sababu mwenzake wa dawati la nyuma anacho na hataki kukiachia. Kwa hiyo kazi yako ni kufanya vitabu vichache vigombaniwe na watu wengi mahali pamoja. Mengine yote, pamoja na mitandao, redio na tuzo, yanakuja baada ya hapo. Watu wengi huanza na hayo mengine ndiyo maana wanachoka mapema.

Ninaposema riwaya za vijana nina maana ya hadithi za wasomaji wa miaka 13 hadi 19, zilizoandikwa na watu wa huku, kwa Kiswahili. Siongelei vitabu vya kiada wala riwaya teule za mtihani. Hizo hazihitaji msaada wako, mtihani unazitosha. Mifano yangu mingi ni ya Tanzania. Msomaji wa Kenya nitamgusia pale mambo yanapotofautiana.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Mtu mmoja wa ndani: mwalimu wa Kiswahili, mkutubi, au matroni wa bweni. Mmoja anayependa kusoma anatosha. Wawili wanaotumwa na mkubwa hawatoshi.
- Nakala 20: vitabu vitano tofauti, kila kimoja nakala nne. Panga bajeti ya shilingi 10,000 za Tanzania kwa nakala, jumla 200,000. Ukipata kwa bei ya chini, shukuru.
- Nailoni ya kufunikia vitabu, selotepu, mkasi.
- Kaunta buku moja.
- Tranka lenye kufuli, hata kuukuu.
- Saa moja kwa wiki, kwa wiki kumi.

Huhitaji mabango, fulana, wala uzinduzi wenye meza kuu na keki. Nimeona uzinduzi ambao gharama ya viti na turubai ingenunua vitabu vya shule nzima, na wiki iliyofuata hakuna mwanafunzi aliyekumbuka jina la kitabu.

Hatua ya 1: Chagua sehemu moja na muhula mmoja

Shule moja, au maktaba moja, au bweni moja. Usigawe nakala 20 kwenye shule kumi. Nakala mbili shuleni huishia kabatini kwa mwalimu wa taaluma, zikisubiri mgeni aonyeshwe.

Kwa sekondari za Tanzania, lenga kidato cha kwanza na cha tatu, kwa sababu mwaka huo hawana mtihani wa taifa. Kidato cha pili na cha nne wataingia wenyewe kwa mlango wa nyuma, usiwafukuze. Anza wiki ya tatu baada ya shule kufunguliwa, Januari au Julai. Wiki mbili za kwanza watu bado wanatafuta magodoro na ada. Ukianza Julai, maliza kabla ya katikati ya Oktoba, maana baada ya hapo shule yote inanukia mtihani. Kenya, muhula wa tatu usiuguse kabisa. Wa kwanza, Januari hadi Aprili, ndio wenye nafasi.

Hatua ya 2: Chagua vitabu vitano

Hapa ndipo kazi inapofia au inapopona, kwa hiyo usiharakishe.

Hadithi nyingi za vijana zilizochapwa kwetu zililipiwa na miradi. Mradi ulikuwa na ujumbe wake: Ukimwi, mimba za utotoni, usafi, mazingira. Ujumbe ni mzuri, lakini mara nyingi hadithi ilibebeshwa mzigo mpaka ikapinda mgongo. Kijana anaunusa ujumbe wa aina hiyo ukurasa wa tatu tu: mhusika mbaya anakunywa pombe, mhusika mwema anapenda shule, na mwisho mjomba anatoa hotuba. Akishakutana na viwili vya hivyo, anahitimisha kwamba vitabu vya Kiswahili ndivyo vilivyo.

Kipimo ni rahisi. Chukua kitabu, tafuta vijana watatu wasiohusiana na kazi yako: wa jirani, wa dukani, wa kwenye kwaya. Wasomee ukurasa wa kwanza kwa sauti, kisha nyamaza kama unatafuta kitu mfukoni. Wakiuliza "halafu?", kiweke upande wa vilivyopita. Wakishika simu, kirudishe rafuni, hata kama mwandishi ni rafiki yako. Hasa kama ni rafiki yako.

Katika vitano hivyo changanya: kimoja cha kusisimua (upelelezi, wizi, safari ya hatari), kimoja cha kuchekesha, kimoja chenye mapenzi ya staha, kimoja cha mpira au muziki, kimoja cha kutisha au cha maajabu. Kurasa 90 hadi 160 zinatosha. Kitabu kinene mkononi mwa msomaji mpya kinageuka mto wa kulalia.

Onyo: usichague kitabu ambacho hujakisoma mpaka mwisho. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 vya hadithi visitumike shuleni, mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid ukiwamo. Tangu hapo wakuu wa shule wamekuwa waangalifu na kitabu chochote cha hadithi kinachoingia getini, na siwalaumu. Utaulizwa, "Humu ndani kuna nini?" Lazima ujue kuna nini, ukurasa kwa ukurasa.

Hatua ya 3: Pata nakala

Anza na mchapishaji moja kwa moja. Dar es Salaam wapo Mkuki na Nyota, walioanza mwaka 1991 chini ya Walter Bgoya, na wapo E&D Vision. Nairobi kuna East African Educational Publishers, Longhorn, Moran na Storymoja. Piga simu, omba mtu wa mauzo, sema unataka nakala nne nne na unataka bei ya duka, siyo bei ya msomaji. Maduka hupewa punguzo, mara nyingi asilimia 25 hadi 40. Na wewe ulizia. Hakuna aibu.

Waandishi wanaojichapia wenyewe wako wengi siku hizi na wengi wao ni wepesi kuliko kampuni. Lipa kwa simu, kifurushi kinapanda basi, kesho kipo stendi. Ila omba kwanza picha ya kurasa mbili za ndani. Kuna vitabu vina jalada la kuvutia, ukifungua herufi ni ndogo kama sisimizi na makosa ya chapa kila mstari.

Usikubali kupokea mzigo wa bure usiouchagua. Watakupa kilichowadodea.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa mlango wa mbele

Hata kama mwalimu ni shemeji yako, andika barua kwa mkuu wa shule. Shule zikizidi moja, barua iende kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri. Iwe fupi. Mfano:

> YAH: OMBI LA KUENDESHA USOMAJI WA HADITHI KWA KIDATO CHA KWANZA NA CHA TATU
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Naomba nafasi ya dakika 20 kila Alhamisi baada ya vipindi, kwa wiki kumi, kuwasomea na kuwaazima wanafunzi riwaya tano za Kiswahili. Nakala ni 20 na zitakaa shuleni kwenye sanduku lenye kufuli. Shule haitachangia fedha yoyote. Nimeambatisha nakala moja ya kila kitabu ili ofisi yako ivipitie kabla ya kutoa uamuzi.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua mlango. Mkuu wa shule huenda asisome hata kimoja, lakini kujua kwamba hufichi kitu kunamtuliza. Ukifika ofisini, salamu kwanza, habari za shule, za matokeo, za maji kama hayatoki. Kitabu kitoke kwenye mfuko baadaye. Na ukiambiwa "njoo wiki ijayo", nenda wiki ijayo kweli.

Kenya, shule nyingi zitakuuliza kama kitabu kimo kwenye orodha ya KICD, taasisi ya mitaala ya huko. Jibu ukweli: ni vya kusoma kwa hiari, si vya kufundishia.

Hatua ya 5: Andaa vitabu

Funika kila nakala kwa nailoni ya kuonyesha, jalada lionekane. Usifunike kwa gazeti wala khaki, maana jalada ndilo linalomuita msomaji. Ndani ya jalada la nyuma bandika karatasi yenye mistari ya kuandika majina ya waliosoma. Itaonekana ni jambo dogo, lakini kijana akikuta majina kumi na mawili, na moja ni la kiranja mkuu, hahitaji tena maneno yako.

Gonga mihuri ya shule au andika "MALI YA..." ukurasa wa ndani tu. Kitabu kilichogongwa mihuri kila mahali kinafanana na kitabu cha kiada, na hicho tunakikimbia.

Hatua ya 6: Soma kwa sauti, kisha nyamaza

Kipindi cha kwanza ndicho kitakachoamua. Una dakika 20. Usijitambulishe zaidi ya sentensi mbili. Usiseme kitabu ni kizuri. Usiseme kina mafunzo. Usiseme usomaji ni ufunguo wa chochote.

Fungua kitabu na usome. Chagua mapema kipande cha dakika sita au saba kinachoishia pabaya. Tuseme hadithi ni ya msichana aitwaye Zuhura, na dalali ameapa Ijumaa atarudi kuchukua cherehani ya mama yake. Unasoma asubuhi ya Ijumaa. Mama ameificha cherehani chini ya kapu la nguo chafu. Mlango unagongwa. Zuhura anachungulia dirishani, anaona aliyesimama nje si dalali. Ni mtu waliyemzika mwaka jana.

Hapo funga kitabu.

Watapiga kelele. "Aaa, ticha, malizia!" Usimalizie. Sema tu, "Nakala ziko nne," uonyeshe tranka, ufungue kaunta buku. Kama umechagua vizuri, nakala hizo nne zitakwenda kabla hujafunika kalamu. Kisha soma kipande cha kitabu cha pili. Viwili kwa siku vinatosha. Vingine vitatu visubiri wiki ya pili na ya tatu, ili tranka lisikose jambo jipya.

Jizoeze kusoma nyumbani kwanza, mbele ya mtu atakayekuambia ukweli. Sauti ya kila mhusika isiigizwe kupita kiasi, vijana wa miaka 15 wanaona aibu kwa niaba yako. Soma taratibu, pumzika kwenye nukta, inua macho.

Makosa yanayoua kipindi hiki nayajua kwa majina. La kwanza ni kuuliza, "Tunajifunza nini?" Wanafunzi wetu wamezoea kwamba kila hadithi mwisho wake ni uhakiki: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Maneno hayo yana mahali pake, na mahali pake ni darasani asubuhi. Kwenye tranka hayaingii. La pili ni kumpa mwalimu wa nidhamu asimamie. La tatu ni kuwataka waandike muhtasari ndipo waazimwe kingine. Ukishaweka kazi, umegeuka mwalimu mwingine wa zamu.

Hatua ya 7: Wakabidhi wanafunzi tranka

Kuanzia wiki ya pili, ufunguo ushikwe na wanafunzi wawili, mvulana na msichana kama shule ni mchanganyiko. Usichague wanaoongoza darasani peke yao. Mtafute yule anayesikilizwa bwenini, hata kama hesabu zinamsumbua.

Kaunta buku iwe na safu sita: jina, kidato na mkondo, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, na ukurasa alioishia. Safu ya mwisho ndiyo dhahabu yako. Watu watano wakiishia ukurasa wa 30 wa kitabu kilekile, tatizo haliko kwa wasomaji. Kitoe, leta kingine.

Muda wa kuazima uwe siku tano. Ukitoa wiki mbili kitabu kinalala siku kumi na mbili. Siku tano zinamfanya asome leo, na zinafanya foleni isogee. Kwa nakala 20 na wiki kumi, tranka lina uwezo wa karibu maazimo 200. Ukipata nusu yake umefanya kazi ya maana.

Foleni iandikwe wazi, karatasi ibandikwe ndani ya kifuniko cha tranka. Foleni ndefu ndilo tangazo lako, kwa hiyo usikimbilie kuongeza nakala za kitabu kinachogombaniwa. Acha wasubiri kidogo.

Hatua ya 8: Mlete mwandishi, lakini baada ya wiki ya sita

Akija mapema anakutana na watu wasiomjua. Akija wiki ya saba anakutana na watu wenye hasira naye kwa sababu alimuua mhusika waliyempenda. Hicho ndicho kikao unachokitaka.

Mlipie nauli, chakula na posho hata ndogo. Mwambie mapema mambo mawili: asihutubie kuhusu bidii, na asiuze vitabu darasani. Maswali yatoke kwa waliosoma. Akiwa mbali na nauli haipo, mwombe arekodi sauti ya dakika tano akijibu maswali matatu ya wanafunzi, uipige kwa spika. Kusikia mtu anasema "Asma wa Form Three B ameuliza" kunafanya darasa zima lishtuke.

Hatua ya 9: Toka nje ya geti

Sasa ndipo mitandao inapokuja. Kumbuka kwamba sekondari nyingi za Tanzania haziruhusu simu, kwa hiyo matangazo ya katikati ya muhula yanawafikia wazazi na waliomaliza, siyo walengwa. Weka nguvu likizo ya Juni na ya Desemba. Video ya sekunde 40 ya kijana anasoma kipande kinachoishia pabaya inatembea kuliko picha ya jalada yenye maneno "kinapatikana sasa". Kwenye stetasi ya WhatsApp andika sentensi moja ya kisa, siyo sifa. "Amerudi mtu waliyemzika mwaka jana, na anadai cherehani." Bei na namba ya kulipia chini yake. Basi.

Usipige picha za wanafunzi na kuzirusha bila idhini ya shule na wazazi. Mikono iliyoshika kitabu inatosha. Na kusoma kipande redioni au mtandaoni kunahitaji ruhusa ya mwandishi au mchapishaji. Ipate kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Redio za jamii huwa na njaa ya vipindi vya vijana. Nenda na msomaji wako, siyo na hotuba.

Maduka ya vitabu: mengi yamejaa kiada na daftari. Omba nafasi kando ya kaunta, weka nakala tatu kwa mali kauli (wanalipa baada ya kuuza), mwandikishiane tarehe ya kuhesabu. Wakati mzuri ni Januari, mzazi akiwa kwenye foleni ya madaftari na mwanawe amesimama hana la kufanya. Wauzaji wa vitabu vya mitumba wa pembezoni mwa barabara usiwadharau, wanajua kuuza hadithi kuliko maduka yenye viyoyozi.

Mahafali ya kidato cha nne. Hapa watu wengi hawajapaona. Wazazi wanakuja na mashada ya maua ya plastiki, keki na fremu za picha. Meza moja nje ya geti yenye riwaya zilizofungwa utepe inauza, maana zawadi inatafutwa na hela iko mfukoni. Omba ruhusa kwanza.

Maktaba za mikoa za Bodi ya Huduma za Maktaba: mwombe mkutubi ahamishe hadithi za vijana kutoka chumba cha watoto. Kijana wa miaka 16 hatakaa kwenye kiti kidogo cha rangi ya njano mbele ya wenzake. Rafu yake karibu na magazeti inatosha.

Hatua ya 10: Peleka hesabu kwa wenye uamuzi

Mchapishaji anakula kutokana na vitabu vya shule. Riwaya ya vijana anaichapa kwa moyo au kwa ufadhili, na kuirudia kuchapa anahitaji ushahidi. Wewe sasa unao. Toa kurasa mbili kutoka kwenye kaunta buku: maazimo mangapi, kitabu gani kiliongoza, wapi watu waliishia, na maneno matatu ya wasomaji bila majina kamili. Mpelekee mchapishaji, mwandishi, mkuu wa shule na mkutubi wa mkoa.

Kisha tuzo. Kenya kuna Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, ya tangu 1974, yenye kundi la vitabu vya vijana vya Kiswahili. Wanaopeleka ni wachapishaji, kwa hiyo wasukume. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu. Hii hupokea miswada, kwa hiyo mwambie mwandishi wako aandae hadithi yake inayofuata. Soma masharti ya mwaka husika, hubadilika.

Ila tuzo peke yake haisomeshi mtu. Tuzo ya Burt, iliyokuja Tanzania mwaka 2008 kupitia shirika la CODE la Kanada, ilikuwa na jambo moja la kuigwa: pamoja na fedha za mwandishi, nakala za kitabu kilichoshinda zilinunuliwa na kupelekwa shuleni na maktabani. Ukisikia mfadhili anataka kuanzisha tuzo wilayani kwenu, mshauri anunue vitabu kwanza, vikombe baadaye.

Mambo yakikwama

*Mkuu wa shule anasema hadithi za Kiswahili zitawaharibia Kiingereza.* Usibishane, huo ni ubishi wa miaka na hautaushinda ofisini kwake. Omba muda nje ya vipindi, na ongeza kwenye tranka riwaya moja ya Kiingereza ya mwandishi wa huku. Baada ya muhula mwonyeshe kaunta buku.

*Vitabu vinapotea.* Kimoja au viwili vitapotea. Ukianza kutoza faini au kumwita mzazi, wenye woga hawataazima tena. Acha walioshika ufunguo wavifuatilie. Kitabu kilichopotea mara nyingi kiko bweni la pili kinasomwa kwa zamu. Vikipotea zaidi ya vinne, punguza siku za kuazima ziwe tatu.

*Wasichana tu ndio wanaoazima.* Angalia ulichochagua. Kisha mpe nakala kapteni wa timu ya mpira, mkononi, siyo mbele ya watu.

*Mzazi amelalamika kuna mapenzi.* Mkaribishe asome ukurasa huo pamoja na ule wa kabla na wa baada yake, mbele ya mwalimu. Akibaki na msimamo wake, mwanawe asipewe kitabu hicho, lakini wenzake waendelee. Usikitoe kwenye tranka kwa lalamiko la mtu mmoja kabla mkuu wa shule hajaamua.

*Mtu amerusha PDF ya kitabu kwenye kundi.* Mwombe aifute, kwa upole, faragha. Mweleze kwamba mwandishi wa riwaya ya vijana anahesabu nakala kwa makumi, si kwa maelfu. Akikaidi, mjulishe mwandishi au mchapishaji. Wao ndio wenye haki ya kufika ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, au KECOBO kwa Kenya.

*Wiki ya nne tranka limepoa.* Umesoma vipande vitatu vya aina moja. Leta cha kuchekesha, na safari hii msomaji awe mwanafunzi.

*Kitabu kinachogombaniwa kimekwisha madukani.* Usikitoe fotokopi. Mpigie mchapishaji, mtajie urefu wa foleni, uliza kiasi cha chini anachoweza kuchapa. Mitambo ya siku hizi inaweza kuchapa nakala chache bila hasara kubwa, ingawa bei ya nakala moja inapanda. Tafuta shule mbili au tatu za jirani mchangie oda moja, lipeni nusu, na mtake tarehe ya kupokea iandikwe kwenye risiti.